Prosesa ya biti 8 mezani: shajara ya mradi wa Busia

Desemba, mitihani imeisha

Lengo la mradi ni moja: kila anayeshiriki aweze kueleza, bila kutazama daftari, kinachotokea ndani ya prosesa, ubongo wa kompyuta, tangu agizo linapochukuliwa kwenye kumbukumbu mpaka jibu linapofika mahali pake. Tunaunda prosesa ya biti 8, inayoshughulikia tarakimu nane za 0 au 1 kwa mkupuo, kwa chipu za kawaida za familia ya 74LS, nyaya na taa ndogo za LED, juu ya meza ya karakana hapa Busia, upande wa Uganda. Washiriki ni vijana waliomaliza Senior Six wanaosubiri matokeo, binti mmoja anayesomea umeme chuo cha ufundi, na mzee jirani yangu aliyeanza kutengeneza redio enzi za valvu. Karakana ni yangu. Kazi yangu ya kila siku ni simu na vikuza sauti.

Wapo walioniuliza kwa nini tusitumie programu ya kuigiza, kompyuta ipo. Sababu ni kwamba simu ninazofungua kila siku zina prosesa nisiyoweza kuona chochote ndani yake. Transista, yaani swichi ndogo za umeme, ni mabilioni, na zote zimefichwa chini ya kifuniko cheusi. Kinyume chake, Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista 2,300 hivi na ilishughulikia biti 4 kwa mkupuo. Ukubwa wa namna hiyo mtu anaweza kuumaliza kichwani. Nataka vijana hawa waanzie mahali ambapo kila waya unagusika na kupimika.

Vifaa tumeagiza Luthuli Avenue, Nairobi. Faida ya kukaa mpakani ni kwamba hakosekani mfanyabiashara anayekwenda huko na kurudi. Tulimpa orodha na pesa, akarudi na mfuko.

Desemba, mageti

Jioni nzima imekwisha kwenye chipu moja, 74LS00. Ndani yake mna mageti manne ya NAND, na kila geti hutoa 0 pale tu ambapo milango yake miwili ya kuingizia yote ina 1. Ukiyaunganisha yote manne ipasavyo unapata XOR, inayotoa 1 milango inapotofautiana. Chipu moja, XOR moja, hakuna geti lililobaki.

XOR ndiyo jibu la kujumlisha biti mbili. Inabaki ile moja ya kubeba, nayo inataka NAND ya tano. Kijumlishi kamili, kinachopokea na moja iliyobebwa kutoka nafasi ya nyuma, kinataka NAND tisa. Kwa biti 8 zinakuwa 72, yaani chipu 18 za 74LS00. Tulizichora zote kwenye karatasi ya manila kabla ya kuchomeka chipu mbili za 74LS283, ambazo kila moja hujumlisha biti 4 peke yake. Manila tumeibandika ukutani. Sitaki mtu yeyote aitumie 283 kabla hajaweza kufuata kwa kidole njia ya moja ya kubeba kutoka biti ya kwanza hadi ya nane.

Mwaka 1937 Claude Shannon, akiwa mwanafunzi wa uzamili MIT, alionyesha kwamba swichi za umeme zinaweza kufanya aljebra ya mantiki ambayo George Boole alikuwa ameiandika karne iliyotangulia. Kila kinachofuata mezani petu kimesimama juu ya hilo.

Januari, mapigo

Chipu ya 555 ndiyo inayopiga mapigo, yaani kugeuza waya mmoja kati ya 0 na 1 tena na tena ili prosesa iende hatua kwa hatua. Kwa rizista ya kilo-omu 1, poteshomita (rizista ya kuzungusha) ya mega-omu 1 na kapasita ya maikrofaradi 1, mwendo wa polepole kabisa ni pigo moja kila sekunde moja na nusu kasoro kidogo. Ukizungusha poteshomita upande wa pili, taa inaonekana kuwaka mfululizo.

Tumeongeza kitufe cha kupiga pigo moja kwa kidole. Chuma cha kitufe hurukaruka kwa milisekunde kadhaa kinapogusana, na chipu huhesabu kila mruko, kwa hiyo 555 ya pili inasimama katikati kuugeuza mbonyezo mmoja kuwa pigo moja safi. Kitufe hiki ndicho kifaa ninachokithamini kuliko vyote mezani. Prosesa inayosimama kati ya pigo na pigo, ikakusubiri umalize kuitazama, si ile iliyomo kwenye simu ya mfukoni.

Januari, volti

Chipu za 74LS zinataka volti 5. Kiwango kinachoruhusiwa ni 4.75 hadi 5.25. Chaja ya simu inazitoa vizuri. Lakini bredibodi (mbao za kuchomekea chipu na nyaya bila kulehemu) zikiungwa moja baada ya nyingine, multimita mwishoni mwa safu ilisoma chini ya 4.6, na rejista (mahali pa kushikia namba) za upande ule zilikuwa zikibadilika bila kuagizwa. Mzee ndiye aliyesema, "Kabla ya kulaumu chipu, pima chakula chake." Sasa kila ubao una waya wake mnene kutoka kwenye chaja, na kila chipu ina kapasita ya maikrofaradi 0.1 jirani yake. Kila taa ina rizista yake. Milango isiyotumika imeunganishwa kwenye 0 au 1 ya kudumu, kwa kuwa mlango wa 74LS unaoelea husomeka kama 1 na hudaka kila kelele inayopita.

Januari mwishoni, rejista na njia kuu

Rejista ni baiti moja, yaani biti 8, iliyoshikwa: kila moja tumeiunda kwa chipu mbili za 74LS173, biti 4 na biti 4. Tunazo A na B kwa ajili ya hesabu, rejista ya agizo, rejista ya anwani, na ya kuonyeshea jibu. Kaunta ya programu, 74LS161, inashika anwani ya agizo linalofuata.

Zote zinaungana kwenye nyaya nane tu, njia kuu. Ni kama baraza: wote wanasikia, lakini anaongea mmoja. Wawili wakisema pamoja, mmoja 1 na mwingine 0 kwenye waya uleule, umeme unapita kutoka chipu hadi chipu, zinapata moto na kinachosomeka hakina maana. Ndiyo sababu kila chipu inayotoa kwenye njia kuu ina hali ya tatu, ya kujitenga kabisa kana kwamba haikuchomekwa. Chipu ya 74LS245 inalinda mlango huo kwa A na kwa kijumlishi. A yenyewe lazima ionekane na kijumlishi muda wote, kwa hiyo haijitengi. Kinachojitenga ni daraja kati yake na njia kuu.

Kwa hiyo kila kifaa kina nyaya mbili za udhibiti za kukumbuka: "toa" na "pokea". Ukizijua hizo, umeijua sehemu kubwa ya prosesa.

Februari, kumbukumbu

Chipu ya 62256 ina nafasi 32,768 za baiti moja moja. Tunatumia 16, kwa kuwa rejista ya anwani ina biti 4. Nyaya za anwani zilizobaki zimeunganishwa kwenye 0. Tunaandika programu kwa swichi, baiti baada ya baiti.

Umeme ulikatika tukiwa ndio kwanza tumemaliza kuingiza programu ya kwanza. Uliporudi, kila nafasi ilikuwa na takataka. Hakuna maelezo ya ubaoni ambayo yangefundisha tofauti ya RAM, inayosahau umeme ukikatika, na EEPROM, isiyosahau, kwa haraka namna ile. Tangu siku hiyo meza inakula umeme wa betri ya sola kupitia kibadilishaji cha volti 12 kwenda 5, na programu zote zimeandikwa daftarini.

Maagizo tumeyapa majina yetu: PAKIA ni 0001, ONGEZA 0010, PUNGUZA 0011, na mengine. Biti nne za mbele ni agizo, nne za nyuma ni anwani. Programu ya kwanza ni hii:

0: PAKIA 14
1: ONGEZA 15
2: ONYESHA
3: SIMAMA

Nafasi ya 14 ina 25, nafasi ya 15 ina 17.

Sasa tazama nafasi ya 0. Ina 0001 1110. Ukiisoma kama agizo ni PAKIA 14; ukiisoma kama namba ni 30. Ndani ya chipu hakuna alama yoyote inayosema hii ni ipi. Na ile 25 iliyoko nafasi ya 14 ni 0001 1001, yaani PAKIA 9. Ukiondoa SIMAMA, kaunta itaendelea kupanda, itaifikia nafasi ya 14, na prosesa itaitekeleza 25 kama agizo bila kusita. Kuweka programu na data katika kumbukumbu moja ndiko kulikoelezwa katika ripoti ya John von Neumann ya mwaka 1945 kuhusu mashine ya EDVAC, ingawa mawazo mengi ndani yake yalikuwa pia ya J. Presper Eckert na John Mauchly, na majina yao hayakuwekwa juu ya ripoti. Naona ni haki kuwataja.

Februari, watu badala ya chipu

Hii ndiyo siku niliyoisubiri. Kitengo cha udhibiti, kile kinachoamua nani atoe na nani apokee, hakijaundwa bado, kwa hiyo tumekuwa kitengo cha udhibiti sisi wenyewe. Kila mmoja ameshika waya mmoja au miwili. Binti wa chuo anasoma hatua kwa sauti, mzee yuko kwenye kitufe cha mapigo.

Hatua ya kwanza: kaunta toa, rejista ya anwani pokea. Pigo. Hatua ya pili: kumbukumbu toa, rejista ya agizo pokea, kaunta panda. Pigo. Hatua hizi mbili ni zilezile kwa kila agizo, kwa sababu prosesa haiwezi kujua agizo ni lipi kabla ya kulichukua.

Sasa rejista ya agizo ina PAKIA 14. Hatua ya tatu: rejista ya agizo inatoa biti zake nne za nyuma, rejista ya anwani inapokea. Pigo. Hatua ya nne: kumbukumbu toa, A pokea. Pigo, na taa za A zikawaka 0001 1001. Vijana walipiga makofi kwa namba 25.

ONGEZA ilikwenda vilevile mpaka hatua ya nne, ila aliyepokea ni B. Hatua ya tano: kijumlishi toa, A pokea. Mzee alikuwa ameshaweka kidole kwenye kitufe, binti akamzuia.

"Fundi, ngoja kidogo. Kijumlishi kinasoma A. Tukiiandikia A jibu, si kijumlishi kitaona A mpya na kuongeza tena? Na A itapokea tena? Itasimama wapi?"

"Swali lako ndilo lenyewe, mwanangu," nilimwambia. "Mzee, bonyeza, tuone."

Pigo likaja. A ikasoma 0010 1010, yaani 42, ikatulia. Lakini taa za kijumlishi zilibadilika papo hapo na kusoma 59, ambayo ni 42 na 17. Kwa hiyo alichosema ni kweli: kijumlishi kiliona A mpya na kikaongeza tena. Kilichozuia balaa ni kwamba A haipokei muda wote ambao waya wake wa "pokea" umefunguliwa. Inapokea pale tu pigo linapopanda kutoka 0 kwenda 1, kwa kipande kifupi mno cha wakati. Jibu jipya linapofika kwenye mlango wake, mlango umeshafungwa, na hautafunguka mpaka pigo jingine lipande.

Tuliunda lachi ya kawaida pembeni, ile inayopitisha muda wote pigo likiwa juu, tukaijaribu kwa biti moja inayojigeuza yenyewe. Taa yake ilififia, maana ilikuwa ikigeuka kwa kasi isiyoonekana kwa macho, na pigo lilipoanguka haikujulikana itabaki 0 au 1. Hapo kila mtu mezani aliona kwa nini rejista za prosesa huundwa kwa flipuflopu, saketi za kushika biti moja, zinazofuata ukingo wa pigo.

Nimetengeneza vyombo vya elektroniki miaka mingi, na bado naona hili ndilo jambo la ajabu kuliko yote katika prosesa. Kijumlishi si cha ajabu, tulikichora kwenye manila. Kumbukumbu si ya ajabu. Kinachoifanya hesabu iwe hesabu ni zamu: kati ya pigo na pigo umeme unaruhusiwa kuhangaika utakavyo, nyaya zinabadilika, majibu ya uongo yanapita, na hakuna anayeandika chochote. Pigo linapopanda, kila kitu kiwe kimeshatulia, na kinachoandikwa ni kile kilichotulia. Kasi ya prosesa inapangwa na hilo. Njia ndefu kuliko zote kati ya rejista mbili ndiyo inayoamua pigo linalofuata lije lini.

Machi, mikrokodi

Watu wamepumzishwa. EEPROM mbili za 28C16 zimechukua nafasi yao. Anwani ya kila moja ni biti 4 za agizo na biti 3 za hatua, jumla nafasi 128, na kinachosomeka humo ni hali ya nyaya za udhibiti katika hatua ile. Kaunta nyingine ndogo inahesabu hatua. Tulichokuwa tukisoma kwa sauti sasa kimeandikwa ndani ya chipu, na umeme ukikatika hakipotei.

Wazo hili, linaloitwa mikrokodi, ni la Maurice Wilkes wa Cambridge, aliyelieleza mwaka 1951, baada ya mashine yake ya EDSAC kuanza kazi mwaka 1949. Uzuri wake tumeuona wenyewe: kuongeza agizo la PUNGUZA hakukugusa waya hata mmoja wa udhibiti, tuliandika upya EEPROM kwa Arduino, ubao mdogo wa kuprogramu, basi.

Kupunguza kwenyewe ni kuongeza. Chipu za 74LS86 zinageuza kila biti ya B, na moja inaingizwa kwenye mlango wa kubeba. 17 ikigeuzwa ni 1110 1110. Ongeza moja, 1110 1111. Jumlisha na 25, unapata 0000 1000 na moja inayodondoka nje ya biti ya nane. Jibu ni 8.

Machi, bendera

Bila agizo la kuruka kwa sharti, mashine ni kikokotoo tu, haiwezi kuamua. Tumeweka RUKA-SIFURI, inayobadilisha kaunta ya programu endapo hesabu iliyopita ilitoa sifuri.

Jambo lilelile la zamu limerudi hapa. Mageti yanayotazama kama jibu ni sifuri yako kwenye kijumlishi. Lakini A ikishapokea jibu, kijumlishi kinakuwa kimeshahesabu kitu kingine, na hali ya sifuri imepotea. Kwa hiyo bendera, yaani biti inayokumbuka kama jibu lilikuwa sifuri, inahitaji flipuflopu yake, inayoandikwa kwenye pigo lilelile ambalo A inaandikwa. Safari hii hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mmoja wa vijana aliichora kabla sijamaliza sentensi. Bendera zikiwa mbili, sifuri na kubeba, anwani za EEPROM zinapanda kutoka 128 hadi 512. Nafasi ipo, 28C16 ina 2,048.

Programu ya kuhesabu kushuka kutoka 5 inakwenda: PAKIA 15, ONYESHA, PUNGUZA 14, RUKA-SIFURI 5, RUKA 1, SIMAMA. Nafasi ya 15 ina 5, ya 14 ina 1. Inaonyesha 5, 4, 3, 2, 1, inasimama.

Aprili, kutoka mezani hadi mfukoni

Matokeo yametoka na vijana wawili wanajiandaa kwa chuo, kwa hiyo tunakutana Jumamosi tu. Mazungumzo yamehamia kwenye simu. Nyingi zinatumia usanifu wa ARM, ambao chimbuko lake ni chipu ya mwaka 1985 ya kampuni ya Acorn ya Uingereza, kazi ya Sophie Wilson na Steve Furber. Chipu ile ilikuwa na transista 25,000 hivi.

Prosesa ya simu ikipiga mara bilioni 2 kwa sekunde, kati ya pigo na pigo hata mwanga wenyewe unasafiri sentimita 15 tu. Meza yetu ni ndefu kuliko hapo. Nyaya zetu zisingeweza kufikisha habari kwa wakati, hata chipu zingekuwa na kasi isiyo na kikomo.

Tofauti ya pili ni bomba. Mashine yetu inamaliza agizo moja ndipo inachukua jingine, na wakati kijumlishi kinafanya kazi kumbukumbu imekaa bure. Prosesa za RISC, kazi ya David Patterson huko Berkeley na John Hennessy huko Stanford miaka ya 1980, zilipanga maagizo yawe mepesi na ya urefu mmoja ili agizo moja likikokotolewa, la pili linasomwa na la tatu linachukuliwa. Wawili hao walipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2017. Mashine yetu haiwezi kufanya hivyo, maana njia kuu ni moja na anaongea mmoja. Hilo ndilo jibu nililompa binti alipouliza kwa nini tusiweke bomba hapa hapa: ingebidi kuivunja njia kuu na kujenga njia kadhaa za moja kwa moja.

Hali ya sasa

Bredibodi zote zinafanya kazi kwa mwendo wa polepole na wa kidole. Kwa mwendo wa haraka, RUKA-SIFURI hukosea mara chache. Tunashuku njia ya mageti ya sifuri ni ndefu mno, na tutaipima mapigo yakipandishwa kidogo kidogo.

Hatua inayofuata ni RISC-V, usanifu ulioanza Berkeley mwaka 2010 na ambao yeyote anaruhusiwa kuutumia bila kulipia leseni. Sehemu yake ya msingi, RV32I, ina rejista 32, ya kwanza ikiwa sifuri daima, na kila agizo lina urefu wa biti 32. Hii tutaiandika kama programu kwenye kompyuta, kwa kuwa kwa nyaya ingejaza karakana. Binti wa chuo ameomba aanze na kitengo cha udhibiti. Mzee anataka kwanza kila bredibodi ihamishiwe kwenye ubao wa kulehemu kabla nyaya hazijalegea, na kazi hiyo tunaianza Jumamosi ijayo kwa rejista A.